UZI: Maofisa wa Kijerumani walivyoiandika vita ya Uhehe, na namna ya kuwasoma kuanzia Lugalo hadi Mlambalasi

Muongozaji_Gangilonga

Kamwene wakuu.

Kila ikifika Agosti humu ndani tunabishana kuhusu Lugalo, pale Wahehe wa mtawala wao Mkwawa walipouangamiza msafara wa jeshi la Wajerumani mwaka 1891. Waliokufa ni wangapi, Mkwawa alikuwepo au hakuwepo, Nyundo aliuawa na nani. Tunabishana kwa yale tuliyofundishwa darasani, na vitabu vya darasani sehemu kubwa vilichota kwenye maandishi ya maofisa wa Kijerumani waliopigana vita hiyo. Maandishi yenyewe ni wachache tuliowahi kuyagusa. Mimi naongoza wageni hapa Iringa, nikajifunza Kijerumani kwa ajili ya kazi, na Kijerumani kikanifikisha kwenye gazeti la serikali ya kikoloni na vitabu vya maofisa hao, ambavyo maktaba za kwao zimeviweka mtandaoni bure.

Hoja yangu kwenye uzi huu ni hii: kabla hujaamini au kukataa neno la ofisa yeyote, uliza alikuwa amesimama wapi risasi ya kwanza ilipolia, na alimwandikia nani. Ukishajua hayo, maandishi yao yanatufaa sana, hata sisi wajukuu wa upande wa pili. Usipouliza, utajikuta unarudia utetezi wa mtu aliyekuwa anahofia cheo chake.

Tuanze na Lugalo yenyewe.

Emil von Zelewski, ambaye wazee wanamwita Nyundo, mwaka 1891 ndiye alikuwa kamanda wa jeshi la Wajerumani huku kwetu. Hakuwa mgeni wa fujo. Mwaka 1888 alikuwa wakala wa kampuni ya Wajerumani kule Pangani, na ubabe wake ni moja ya mambo yaliyowasha vita ya Abushiri. Miaka mitatu baadaye akaletwa kuiadhibu Uhehe. Alikuwa na askari zaidi ya 300, wengi wao Wasudani walioandikwa Misri na vijana wa kusini walioletwa kutoka Msumbiji ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Walikuwepo pia wapagazi, mizinga na bombomu zilizobebwa na punda. Njiani walichoma vijiji. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1891 msafara ule ukaingia Lugalo ukiwa mstari mmoja mrefu, vichaka na mawe kulia na kushoto, na askari wa Mkwawa wapatao 3,000 wamelala kwenye nyasi.

Mliowahi kusimama pale mnajua. Kwa wasiojua: ukitoka Iringa kwa barabara ya Morogoro, Lugalo iko kabla hujafika Ilula. Wajerumani walijenga mnara wa watu wao pale. Ukisimama chini ya kilima ukatazama njia inavyobanwa, unaona kwamba mtu wa mbele na mtu wa nyuma wasingeweza kuonana hata kidogo. Ushikeni huo ukweli wa ardhi, kwa sababu ndio ufunguo wa maandishi yote yanayofuata.

Zelewski hakuandika neno, alikufa. Maofisa waliokuwa naye mbele nao walikufa. Wazungu 10 waliuawa siku ile. Ofisa aliyeandika taarifa ambayo dunia nzima imeitumia ni luteni von Tettenborn, na Tettenborn alikuwa kwenye mkia wa msafara.

Hebu litafakarini hilo. Sehemu kubwa ya mauaji ilimalizika ndani ya dakika chache. Askari walipata nafasi ya kupiga risasi moja au mbili kabla mikuki haijawafikia. Tettenborn anasikia milio, anasikia makelele, anaona watu wanarudi mbio, kisha anapanda kilimani na wachache alionao, anapandisha bendera ili walionusurika wajue pa kukimbilia, na anakaa hapo kwa masaa akikusanya majeruhi. Sehemu hiyo ya taarifa yake ni ya shahidi. Alikuwepo, aliona, aliogopa, akafanya kazi yake. Lakini anapoeleza nini kilitokea mbele, amekuwa msikilizaji kama mimi na wewe. Dereva aliye mwisho kabisa kwenye foleni ya malori Kitonga anaweza kukueleza kwa kirefu ajali iliyofunga njia, na kila anachosema kakisikia kwa waliorudi kwa miguu.

Sasa chukueni simulizi maarufu ya ndege. Inasemwa ofisa mmoja kule mbele, von Zitzewitz, alifyatua risasi kumlenga ndege mkubwa, na Wahehe wakadhani ndiyo ishara ya kuanza, au wakadhani wameonekana, wakainuka. Imeandikwa vitabu vingi kama jambo lililothibitishwa. Kutoka kwenye mkia wa msafara ungeweza kusikia risasi. Usingeweza kumwona ndege. Huenda ni kweli tupu, askari aliyenusurika akamweleza luteni jioni ile. Lakini angalieni simulizi hiyo inafanya kazi gani ikifika Berlin: inageuza maangamizi ya jeshi zima kuwa bahati mbaya ya risasi moja. Haimuulizi kamanda kwa nini alipita mahali pale bila kutanguliza wapelelezi wa kutosha.

Na kifo chenyewe cha Nyundo: kwamba alikuwa juu ya punda, akapiga watu kwa bastola, kisha kijana wa miaka kama 16 akamchoma mkuki, na Mkwawa akamzawadia kijana yule ng'ombe watatu. Hakuna Mzungu aliyerudi akiwa ameyaona hayo. Habari hiyo imetoka kwa Wahehe. Yaani sehemu inayojulikana kuliko zote katika vita inayodaiwa kuandikwa na Wajerumani, shahidi wake ni wa kwetu.

Nitaendelea na Kalenga. Karibuni kwanza.

---

Mwl_Mafinga

Shukrani mkuu, huu ni uzi wa kuhifadhi. Nafundisha historia sekondari na kila mwaka wanafunzi wananibana kwenye takwimu. Kitabu kimoja hiki, kingine kile. Kwa hao waliokufa Lugalo wewe unasimamia ipi?

---

Muongozaji_Gangilonga

Mwalimu, kwa upande wa msafara idadi inaaminika zaidi, kwa sababu jeshi lilikuwa na orodha ya malipo: Wazungu 10, askari karibu 250, wapagazi 96. Inaweza kupishana kidogo kati ya chapisho na chapisho, ila ndiyo hiyo.

Kwa upande wetu ndipo penye mvurugano, kuanzia 60 hadi mamia. Na hapo tena uliza amesimama wapi. Ofisa aliyeshindwa vibaya akiandika kwamba adui naye kapoteza mamia, anajipoza mwenyewe na anampoza mkubwa wake. Hakurudi uwanjani kuhesabu, alikuwa anaondoka na majeruhi kuelekea Kilosa. Halafu wapo waliokufa siku ileile na wapo waliokufa majumbani wiki zilizofuata kwa majeraha ya risasi. Wanaotaja namba ndogo na wanaotaja namba kubwa huenda wanahesabu makundi tofauti. Mimi wanafunzi ningewaandikia ubaoni namba zote pamoja na jina la aliyezisema na siku aliyozisema.

Na niseme jambo linaloniuma. Wale wapagazi 96. Taarifa inawataja maofisa mmoja mmoja kwa majina na vyeo. Askari wanatajwa kwa makundi. Wapagazi ni tarakimu. Watu 96 waliokuwa na masanduku kichwani, hawana hata bunduki, walichomwa mikuki mahali wasipopajua, na hakuna mstari unaotuambia mmoja wao alitoka kijiji gani. Mnara wa Lugalo nao haukujengwa kwa ajili yao. Kila nikipeleka wageni pale nawataja wapagazi kwanza.

---

Binti_Tosa

Kaka Muongozaji, umenigusa. Upande wa mama yangu ni watu wa kule Kalenga. Bibi alikuwa akisema baada ya Lugalo mtwa, yaani mtawala wetu Mkwawa, alikataza kilio. Watu wamefiwa na wana wao, na hakuna kulia hadharani, hakuna matanga ya wazi, ili habari isisambae kwamba tumeumia. Wanawake walikwenda shambani wakalilia huko, na jembe mkononi. Nilipokuwa mdogo nikiisikia niliona ni hadithi ya ukali wa mtwa tu. Leo nikisoma swali la mwalimu nagundua hiyo nayo ni sababu ya namba kutofahamika. Kilio ndiyo hesabu yetu. Ukikizuia, hakuna atakayejua nyumba ngapi zimefiwa.

---

Muongozaji_Gangilonga

Dada, hilo la kukataza kilio watafiti waliofika Uhehe miaka ya 1960 walilikuta vilevile kwa wazee, kwa hiyo bibi yako yuko kwenye msafara mrefu wa mashahidi. Tafadhali liandike kwa maneno yake kadiri unavyokumbuka, na jina la ukoo ukiruhusiwa.

Sasa Kalenga.

Gavana Friedrich von Schele alikuja mwenyewe. Tarehe 30 Oktoba 1894 wakaivamia ngome ya Lipuli, ile ya ukuta wa mawe ambayo timu yetu ya mpira imebeba jina lake. Hapa maandishi ni mengi kuliko Lugalo, kwa sababu safari hii maofisa walirudi hai na walikuwa na ushindi wa kugawana. Schele aliandika kama gavana. Tom von Prince, aliyeongoza kikosi kilichouparamia ukuta, aliandika kitabu.

Zingatieni tarehe. Kitabu cha Prince kilitoka 1914. Miaka 20 imepita tangu Kalenga. Si luteni tena aliyejaa baruti mikononi, ni mlowezi mwenye shamba kule Usambara, ameshapewa cheo cha kiungwana, wenyeji wanamwita Bwana Sakarani, na anakumbuka ujana wake. Mwaka uleule, Novemba, akauawa kwenye vita ya Tanga. Ukimsoma bila kujua hilo utadhani unamsikia mtu aliyeko chini ya ukuta. Kumbe unamsikia mzee anayesimulia, na kila mzee anayesimulia vita yupo katikati ya picha.

Hata hivyo Prince ananifaa kwa jambo ambalo taarifa ya gavana inalipita haraka: jinsi watu wa Kalenga walivyopigana ndani ya ngome, nyumba kwa nyumba, baada ya ukuta kuvukwa. Kwa gavana ukuta ukivukwa vita imekwisha. Kwa aliyeingia ndani, vita ndiyo ilikuwa inaanza.

Na kuna kilichofichwa na neno ushindi. Mkwawa alitoka. Wazee wanasema alitaka kufia ndani pamoja na ngome yake, watu wake wakamtoa kwa nguvu. Schele hakuacha kikosi chochote Uhehe. Alichukua pembe na baruti, akageuza kurudi pwani, na njiani Wahehe wakamshambulia tena. Alivalishwa nishani ya Pour le Mérite kwa Kalenga. Lakini Prince ilibidi arudi 1896 kuja kujenga boma hapa Iringa mjini, na Mkwawa hakupatikana hadi Julai 1898. Karibu miaka minne ya mapigano, vijiji kuchomwa, mashamba kuteketezwa ili watu wakose cha kumpelekea mtwa. Ukisoma taarifa ya 1894 peke yake, miaka hiyo minne haipo.

Hapo ndipo nawashauri mumsome Magdalene, mke wa Prince. Si ofisa, lakini aliishi bomani Iringa na mumewe tangu 1896, na shajara yake ikachapishwa 1903. Ofisa anaandika siku ya mapigano. Yeye anaandika Jumanne isiyo na mapigano, na vita ya msituni sehemu kubwa ni Jumanne za namna hiyo: nani kaja kujisalimisha, nani kaondoka usiku, nani anashukiwa. Ni mwanamke wa kikoloni na dharau yake imo wazi, msitegemee mengine. Ila wakati wa Mpangile uko humo.

Mpangile mnamfahamu. Ndugu yake Mkwawa, ambaye wengi wanamtaja kuwa miongoni mwa walioongoza Lugalo. Prince alimsimika kuwa mtawala mwishoni mwa 1896, na mapema 1897 akamnyonga, kwa tuhuma kwamba alikuwa anamsaidia kaka yake kwa siri. Someni jinsi Prince anavyoeleza hukumu hiyo. Ni sehemu anayojieleza kwa bidii kuliko anapoeleza vita yoyote. Mimi nikiona ofisa anaeleza sana mahali asipoulizwa, nasimama hapo na kusoma mara mbili.

---

Mwanausangu

Habari za jioni wadau. Nipo Mbeya, nimesoma kwa utulivu, na ninaomba niingize sauti nyingine. Uzi unakwenda kana kwamba kusini yote ilikuwa Uhehe na Wajerumani tu. Sisi Wasangu tuna maandishi ya ofisa yaliyotangulia hayo yote.

Mwaka 1877 kapteni Elton, Mwingereza aliyekuwa konseli Msumbiji, alipita kutoka kichwa cha Ziwa Nyasa, akavuka uwanda wa juu ambao leo ni Kitulo, na ndiyo maana ramani za zamani zinauita uwanda wa Elton. Akafika kwa Merere, mtawala wetu Wasangu, na kukuta mji umezingirwa na wapiganaji wa kutoka Uhehe. Aliandika alichokiona akiwa ndani ya ngome. Desemba mwaka huohuo akafia Ugogo, na shajara yake wenzake wakaichapisha 1879. Kwa hiyo ukiuliza alisimama wapi, jibu ni kwamba alisimama ndani, pamoja na waliozingirwa, wakilala na njaa na hofu.

Baadaye Merere alifukuzwa kwake akakimbilia Usafwa, akajenga ngome pale Utengule karibu na Mbalizi. Kuna watu humu wanapita hapo kila siku. Wajerumani walipokuja, Merere alishirikiana nao na akarudishwa Usangu. Tunaitwa wasaliti kwa hilo. Babu zetu waliona nafasi ya kurudi nyumbani. Ninaiheshimu Lugalo kama Mtanzania, ila ombi langu ni kwamba tunapowahoji Wajerumani tusiwafanye wahenga wa Uhehe kuwa malaika.

---

Muongozaji_Gangilonga

Ndugu yangu Mwanausangu, nakushukuru kwa moyo wote, na naomba wenye uzi wao wasije hapa na matusi. Hayo ni sehemu ya historia hii. Na yanaongeza uzito kwenye namna ya kusoma: maofisa wa Kijerumani walipoandika kuhusu "ukatili wa Wahehe", mara nyingi waliokuwa wakiwapa habari ni watu waliokuwa na madai yao halali dhidi ya Uhehe, wakiwemo wa kwa Merere. Ofisa aliyachukua malalamiko hayo ya kweli akayatumia kuhalalisha vita yake. Malalamiko yanabaki kuwa ya kweli, na vita inabaki kuwa ya kupora nchi.

Elton ni hazina. Tofauti yake na hawa wengine ni kwamba hakuwa amekuja kutwaa mahali pale, na hakuwa na kamanda wa kumtuliza. Alikuwa mpita njia aliyekwama katikati ya ugomvi wa wenyeji, na hakuishi hadi kukipamba alichokiandika.

---

Mkinga_wa_Njombe

Tunaomba na Maji Maji wakuu. Huku Njombe wazee wanaikumbuka Yakobi kuliko Lugalo.

---

Muongozaji_Gangilonga

Nitagusa kidogo tu mkuu, kwa sababu Maji Maji inastahili uzi wake. Septemba 1905 Mbeyela wa Wabena aliishambulia misheni ya Walutheri pale Yakobi. Vita yote hiyo upande wa Wajerumani imeandikwa sana na gavana Götzen, ambaye hakuwa porini, alikuwa Dar es Salaam akipokea simu za telegrafu na barua, kisha akaandika kitabu mwaka 1909 akiwa ameshaondoka madarakani. Kwa hiyo kwa kipimo chetu huyo alisimama mbali kuliko wote.

Anayenivutia zaidi ni kapteni Ernst Nigmann, mkuu wa boma la Iringa. Mwaka 1905 ndiye aliyetoka hapa kwenda kuokoa kituo cha Mahenge kilichozingirwa, kisha akaelekea Ungoni. Na alikwenda na Wahehe. Ndiyo, wajukuu wa Lugalo, miaka saba tu baada ya Mkwawa kufa, wengi wao walisimama upande wa boma. Kuna waliolazimishwa, kuna walioyakumbuka mashamba yaliyochomwa, na kuna uhasama wa zamani na Wangoni ambao Wajerumani waliujua vizuri.

Mwaka 1908 Nigmann alichapisha kitabu kizima kuhusu Wahehe. Sehemu kubwa ya simulizi za Lugalo za upande wetu zimefika kwa wasomi kupitia yeye, kwa sababu alikaa hapa miaka mingi na kuwahoji watu waliopigana. Sasa jiulizeni hali yenyewe: mzee aliyechoma mkuki Lugalo anaitwa bomani na kapteni mwenye uwezo wa kumfunga, anaulizwa, "Mlituuaje?" Atasema yote? Atamtaja nani? Atamficha nani? Mimi naamini mzee yule alichagua maneno. Na bado namshukuru Nigmann kwa kuuliza, kwa sababu waliobaki hawakuuliza kabisa.

---

Binti_Tosa

Halafu kaka, hapo kuna jambo. Wazee wangu wanamtaja Mkwawa kwa fahari, ila ukiwauliza nani alimwongoza Mjerumani msituni wanakaa kimya. Kimya hicho nacho kina majina ndani yake.

---

Muongozaji_Gangilonga

Ni kweli dada, na kinatufikisha Mlambalasi, mahali Mkwawa alipofia.

Wajerumani walitangaza rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Tarehe 19 Julai 1898 doria ya sajenti-meja Merkl ilikuwa inamfuatilia. Merkl aliandika taarifa, na ni fupi, ya mtu asiyezoea kuandika, jambo ambalo kwangu ni faida. Walimkamata kijana aliyekuwa akimtumikia Mkwawa. Kijana akasema mtwa ni mgonjwa, amebaki karibu peke yake. Akawaongoza. Wakanyemelea hadi wakaona watu wawili wamelala karibu na moto. Wakafyatua. Walipofika wakakuta wote wawili walikwisha kufa kabla. Mkwawa alikuwa amejipiga risasi.

Someni hapo polepole. Merkl angeweza kuandika kwamba yeye ndiye aliyemuua. Kulikuwa na rupia 5,000 mezani na sifa ya maisha. Hakuandika hivyo. Ndiyo maana kwenye hili namwamini: ofisa au sajenti anapoandika jambo linalompunguzia sifa, uzito wake unaongezeka. Na linakubaliana na wazee wote wa Uhehe, kwamba mtwa hakukamatwa.

Lakini taarifa ileile inasema kichwa kilikatwa kikapelekwa Iringa kwa Prince, na inasema kana kwamba ni kazi ya kawaida ya siku. Kiwiliwili kilizikwa Mlambalasi. Fuvu likaingia hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani inatakiwa kulikabidhi. Ikachukua hadi 19 Juni 1954, gavana Twining alipolileta Kalenga na kumkabidhi mtwa Adam Sapi, ambaye baadaye akawa Spika wa Bunge letu. Twining alikuwa amelichagua kwenye jumba la makumbusho la Bremen miongoni mwa mafuvu mengi, kwa kupima na kulinganisha na vichwa vya watu wa ukoo. Makumbusho ya Kalenga yako mwendo mfupi tu kutoka mjini. Nendeni, na msiishie kupiga picha.

Na yule kijana? Alikuwa mtoto. Kakamatwa na watu wenye bunduki. Taarifa ya Merkl haisemi alitishwa nini. Mimi siwezi kumwita msaliti.

---

Mwl_Mafinga

Mkuu nimechukua yote haya. Kidato cha tatu nitawapa kifo cha Zelewski na simulizi ya ndege, kisha kazi yao iwe kuchora msafara wenyewe ardhini, kila mwanafunzi asimame nafasi ya mtu mmoja, na aseme ni nini angeweza kuona kutoka pale. Naomba unisaidie namna ya kuyapata maandishi yenyewe. Nimejaribu kutafuta "Lugalo" na "Kalenga" kwenye maktaba za Kijerumani, hakuna kitu.

---

Muongozaji_Gangilonga

Zoezi zuri sana mwalimu. Ukiweza wapeleke Lugalo kwenyewe wakalifanye palepale.

Hutapata kitu kwa majina tunayoandika leo, maana maofisa waliandika walivyosikia. Lugalo itafute kama Rugaro. Kalenga ni Kuirenga. Mkwawa ni Quawa, na mara nyingine Mkwawa kama kawaida. Wahehe ni Wahehe, hapo hawakuharibu. Kwa taarifa ya Tettenborn nenda kwenye Deutsches Kolonialblatt, gazeti rasmi la makoloni, mwaka 1891, anza na matoleo ya kuanzia Septemba. Kwa Kalenga tazama mwishoni mwa 1894 na mwanzo wa 1895. Kwa Merkl, nusu ya pili ya 1898.

Herufi ni zile za Kijerumani cha zamani, s inafanana na f, zitakusumbua siku za mwanzo kisha jicho linazoea. Programu za kutafsiri zinajikwaa sana kwenye herufi hizo, kwa hiyo andika upya aya kwa mkono kwanza ndipo uiweke kwenye programu. Ukikwama, weka picha ya ukurasa hapa kwenye uzi nami nitaisoma. Nitaanza mimi: kesho jioni naweka aya ya Tettenborn akiwa kilimani na bendera, kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Wenye wazee kule Ilula, Mazombe na Lugalo kwenyewe, ulizeni kilima hicho wanakiitaje na ni kipi hasa, mlete hapa tulinganishe.